Waliahidi Kwamba Hatafungwa

Waliomfunga mdogo wangu walikuwa watumishi wa Serikali, na aliyetoa amri ya kumfunga alikuwa mkuu wa kituo. Aliyemwona amefungwa akanyamaza ni mkaguzi aliyetoka mkoani. Aliyehakikisha kwamba jambo hilo halisemwi tena ni ofisa niliyekuwa chini yake. Nayaweka haya mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba nitamzungusha, kisha nimwambie kwamba zilikuwa nyakati ngumu, dawa zilikuwa haba na nchi ilikuwa changa. Nyakati zilikuwa ngumu kweli, na dawa zilikuwa haba. Hata hivyo, uhaba wa dawa haumfungi mtu kitandani. Anayemfunga ni mtu mwingine, mwenye mikono na mwenye cheo.

Majina sitayaandika. Wawili kati ya watu hao wamekwisha kufariki, na watoto wao hawana hatia yoyote. Wa tatu, yule aliyekuwa mkuu wa kituo, yu hai, na akisoma atajitambua. Mhudumu aliyekaza mafundo simhesabu miongoni mwao. Alitenda alivyoagizwa, na siku nilipomwona alishindwa kunitazama usoni, jambo ambalo wakubwa wake waliliweza bila taabu.

Katika miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa nilikuwa msaidizi wa ofisa ustawi wa jamii wilayani Lushoto. Kazi yangu ilikuwa kupita vijijini kwa miguu, nikiwaeleza wazazi wenye vijana wagonjwa wa akili kwamba Serikali imewafungulia kituo. Kituo hicho kilikuwa katika majengo yaliyoachwa na mlowezi mmoja, mahali penye mikaratusi mingi na ukungu unaokawia kuondoka. Leo hakipo. Mabati yake yalichukuliwa, na mawe yake watu wamejengea mazizi.

Nilikuwa na maneno niliyoagizwa kuyasema, nami niliyasema kila mahali bila kuyapunguza. Nilisema kwamba zamani wagonjwa walitiwa magogoni na kufungwa minyororo. Kwamba taifa huru haliwezi kumtendea hivyo mwananchi wake. Na kwamba katika kituo chetu hakuna kijana atakayefungwa wala kufungiwa. Sikuyabuni maneno hayo. Yalitoka kwa mkuu wa kituo, yakapita kwa ofisa wangu, yakanifikia yakiwa ahadi ya Serikali. Katika kijiji kimoja karibu na Malindi ya huko huko Lushoto, mama mmoja aliniuliza mbele ya mkutano kama ningempeleka huko mtu wa kwetu. Nilimjibu kwamba ningempeleka, nami nilimaanisha.

Mgonjwa kwetu alikuwapo. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Vuga, na mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameanza kusikia watu wakimwita kutoka bondeni. Siku nyingi alikuwa mtu kama watu wengine. Alisuka vikapu kwa vidole vyepesi ambavyo mama mwenyewe aliviongelea kwa majirani, na katika kwaya ya usharika aliimba sauti ya pili. Ila siku alipoitwa, aliweka kikapu chini na kwenda, kimya, moja kwa moja hadi ukingo wa mlima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake huonekana tambarare tupu. Zaidi ya mara moja alikamatwa akiwa amebakiza hatua chache.

Familia yetu ilikuwa na namna yake ya kumhifadhi mgonjwa wa aina hiyo, namna tuliyoirithi kwa bibi mzaa mama. Walichukua mbeleko kuukuu wakaisokota ikawa kamba. Ncha moja walimfunga mgonjwa kiunoni. Ncha ya pili alijifunga mtu mzima kiunoni mwake mwenyewe. Hapakuwa na mti wala nguzo. Watu hao wawili walikwenda pamoja kutwa nzima, shambani, mtoni na jikoni, na aliyechoka alimpokeza mwenzake. Usingizini ncha ya pili ilikuwa ya mama. Mdogo wangu alikuwa akisema kwamba hawezi kulala mpaka avute kidogo na kuhisi kwamba upande wa pili kuna mtu anayevuta.

Kwa maneno niliyoagizwa, hiyo nayo ilikuwa kamba.

Mkuu wa kituo alikuja nyumbani yeye mwenyewe kutuomba tumpeleke kwenye matibabu. Alikuwa mwenzangu wa shule ya kati. Kwao kulikuwa Tanga mjini, na katika likizo fupi, aliposhindwa kurudi kwao, alikuja kwetu akala makande ya mama na kulala katika kitanda changu. Kwa hiyo aliingia kama mtu wa nyumbani.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa bado mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Kumbe wagonjwa wanakulisha vizuri."

Mjomba, aliyekuwa na ncha ya pili siku hiyo, alibaki kwenye kigoda chake. "Niwie radhi, bwana mganga, mimi ni mfungwa," alisema. "Nikisimama, itabidi na huyu asimame, na ndiyo kwanza ameanza kikapu."

Mdogo wangu alicheka, akaivuta kamba kwa makusudi, na mjomba akajifanya kuanguka.

"Serikali inataka kukupumzisha, mjomba," mkuu wa kituo alisema.

"Serikali ina kiuno?"

Tulicheka sote, na mgeni wetu alicheka kuliko wote. Mama peke yake hakucheka. Alingoja tutulie, kisha akamuuliza kama watamfunga mtoto wake.

"Mama, kwangu kamba ni za kuanikia nguo tu."

"Na kumfungia ndani, je?"

"Hata kufuli hatuna."

"Niapie."

"Nimekula chungu chako, mama," alijibu. "Nikuapie kwa kitu gani kikubwa kuliko hicho?"

Mama aliifungua mbeleko kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja, akaiweka sandukuni. Siku tulipompeleka mdogo wangu, nilimweleza mkuu wa kituo kwa utaratibu, kama ofisa anavyomweleza ofisa, kwamba msichana huyu amezoea kulala akiwa na mtu upande wa pili, na kwamba mara za mwanzo huenda akahangaika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema kitanda chake kitawekwa karibu na cha mwenzake, na kwamba wahudumu wataelezwa. Nilimshukuru. Ningependa ieleweke kwamba alikuwa ameiona mbeleko ile kwa macho yake, ameiona ikivutwa kwa mzaha, na ameambiwa mbeleko hiyo ilikuwa na kazi gani.

Kituoni kulikuwa na kanuni kwamba mgonjwa mgeni haonwi na jamaa zake mpaka atulie. Mama alikubali. Kila Jumapili baada ya ibada alikwenda na kikapu cha makande na mapeasi, na kila Jumapili mkuu wa kituo alitoka getini, akakipokea kikapu, akakirudisha kikiwa kitupu.

"Amekula?" mama aliuliza.

"Amekula vizuri. Anawasalimu wote. Sasa hivi amepumzika."

Mama alirudi na salamu hizo akazigawa nyumba kwa nyumba, kwa mjomba, kwa mwinjilisti, kwa wanakwaya. Hata balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuwa na habari naye, alipelekewa salamu zake.

Kituo kilianza kusifiwa. Ikasemwa kwamba kingefaa kuwa mfano, na mkaguzi akaja kutoka mkoani kukitazama. Ofisa wangu alikuwa safarini, hivyo nilitumwa mimi kumsindikiza. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno, aliyevaa miwani na kuifuta kila mara kwa sababu ya ukungu. Tulionyeshwa bustani ya kabichi, jiko, na bweni lenye vitanda vilivyotandikwa vizuri. Nilitazama kila kitanda nikimtafuta mdogo wangu. Mkuu wa kituo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amepelekwa mtoni na wenzake kufua nguo.

Baraza la jengo la nyuma lilikuwa refu. Milango yake yote ilikuwa wazi, isipokuwa wa mwisho, uliokuwa na komeo la chuma kwa nje. Mkuu wa kituo alitugeuza kabla hatujaufikia, akisema kwamba hiyo ni stoo ya magodoro. Nilikuwa na mafua siku hiyo, na baridi ya pale ilinifanya nikohoe.

"Kaka," sauti ilisema kutoka ndani ya stoo. "Shikamoo."

Kwetu salamu hiyo haiachwi bila jibu. Mdogo akikuamkia, unaitika, hata kama umo katika jambo zito kiasi gani. Niliitika marahaba mbele ya wakubwa wawili, nikiutazama mlango wa mbao.

"Unamfahamu?" mkaguzi aliniuliza.

"Ni mdogo wangu, mzee. Tumetoka tumbo moja."

"Huyo humwita kila mtu kaka," mkuu wa kituo alisema.

"Basi fungua, bwana, tuone kama safari hii amekosea," nilisema.

Aliita mhudumu, na mhudumu akasukuma komeo. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao. Mdogo wangu alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha chuma, mikono yake imefungwa kwa bendeji huku na huku kwenye vyuma vya kitanda. Bendeji zilifungwa zikiwa zimelowa, zikakauka zikamkaza. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi, na harufu ya chumba sitaieleza, kwa heshima yake. Alinitazama, kisha akamtazama mkaguzi, akamwamkia naye.

"Tangu lini?" nilimuuliza mkuu wa kituo.

"Siku chache tu. Ilikuwa lazima."

"Tangu wiki niliyokuja, kaka," mdogo wangu alisema. "Wananifungua nikale, kisha wananirudisha."

Mkaguzi alivua miwani. "Ilikuwa lazima kwa sababu gani?" aliuliza.

"Alitaka kumnyonga mwenzake, mzee. Ilikuwa saa ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana. Mhudumu alimkuta amechana shuka, amelisokota, na amekwisha kumzungushia msichana wa kitanda cha pili, naye amelala."

"Alimzungushia wapi?" niliuliza.

Mkuu wa kituo alimtazama mhudumu.

"Shingoni?"

"Kiunoni," mhudumu alisema akiwa ameinama.

"Na ncha nyingine ilikuwa wapi?"

"Kiunoni mwake mwenyewe."

Nilimgeukia mwenzangu wa shule. Nilitaka kusikia kutoka kwake, kwa sababu mhudumu yule alikuwa mtu wa mbali, asiyejua kitu kuhusu desturi ya nyumba yetu, na kosa lake lilikuwa kosa la mgeni. Angeelezwa siku ile ile angeelewa. Huyu mwingine aliambiwa jambo hilo limetokea, akalitambua, kwa sababu haiwezekani asilitambue, akatoa amri ya bendeji.

"Kamba ni kamba," alisema. "Ningeandika nini mimi? Kwamba wagonjwa wangu wanafungana wao kwa wao?"

Nilianza kufungua mafundo. Yalikataa, na mhudumu alikuja kunisaidia bila kuagizwa. Mkaguzi, akiwa mlangoni, alisema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo: "Tusiliharibu jina la kituo kwa jambo moja. Twendeni tukanywe chai." Akatoka. Walikwenda wakanywa chai. Nilisikia vikombe.

Sikuruhusiwa kuondoka na mdogo wangu siku ile. Nilielezwa kwamba mgonjwa hutolewa na mzazi wake tu, na kwa utaratibu. Nilimwacha nimemkalisha bwenini, mhudumu akiwa kando yake, nikaenda nyumbani kumwambia mama. Kesho yake tulirudi mimi, mama na mjomba. Mkuu wa kituo alitupokea ofisini akiwa amevaa koti jeupe, akamwamkia mama. Mama aliitika, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akamuuliza.

"Mwanangu, ulipomfunga, ncha ya pili ulimpa nani?"

"Mama, yalikuwa matibabu."

"Nakuuliza mtu. Nani alikuwa upande wa pili?"

Alianza kueleza habari za usalama wa wagonjwa wengine. Mama alimwacha anaongea, akaenda bwenini kumchukua mtoto wake.

Nilidhani kwamba jambo la kusikitisha zaidi nimekwisha kuliona. Jioni ile mama alifungua sanduku akaitoa mbeleko, akaisokota kama zamani, akamkaribia mdogo wangu akimwita kwa upole. Msichana aliyekuwa hawezi kulala bila kamba ile alirudi kinyumenyume mpaka akajibana nyuma ya pipa la mahindi, mikono ameificha ndani ya gauni, akiomba kwamba asifungwe, kwamba hatarudia. Mama aliitupa mbeleko motoni. Tangu hapo hatukuwa na njia ya kumshika. Aliendelea kuitwa na bonde, na mama akawa analala akiwa amejilaza sakafuni mbele ya mlango, miaka nenda, miaka rudi, ili atakayetoka amkanyage kwanza. Alizeeka akiwa amelala pale. Nami nasema, nikiwa na akili timamu, kwamba kituo kile kilimnyang'anya mdogo wangu dawa pekee iliyokuwa ikimfaa, na badala yake hakikumpa chochote. Mkono wake wa kulia haukukunjika tena sawasawa. Kikapu alichokiacha nusu alikimaliza mjomba, vibaya.

Niliwasilisha malalamiko kwa kufuata ngazi zilizowekwa, kwa kuwa niliamini ngazi hizo ziliwekwa ili zipandwe. Ofisa wangu aliniita, akanikaribisha kiti.

"Ndugu, wewe ni mtumishi mzuri," alisema. "Usijichafue."

"Aliyechafuka ni nani, mzee?"

"Wananchi wamekwisha kukiamini kituo. Ukisema hili, kesho watawarudisha watoto wao magogoni. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Nataka waambiwe ukweli, wachague wenyewe."

"Ukweli una wakati wake," alisema, akanionyesha mlango kwa heshima.

Muda mfupi baadaye nilihamishiwa Muheza, kwenye idara nyingine, kwa maelezo kwamba uzoefu wangu unahitajika huko. Nilikwenda. Nilifanya kazi kwa uaminifu mpaka nilipostaafu, na sikuwahi kuhongwa wala kuchelewa. Kituo kiliendelea na wagonjwa wake, na mlango wa mwisho barazani uliendelea na komeo lake, mpaka kilipofungwa kwa sababu zisizohusiana kabisa na haya. Yule mama wa karibu na Malindi nilikutana naye mara moja, akiuza matunda sokoni Muheza. Alimpeleka mwanawe kwa neno langu. Nilimsalimu. Alinitazama, akapanga upya machungwa yake, akanipa kisogo. Sikumlaumu, ila nataka ijulikane kwamba neno alilolipokea halikuwa langu. Lilikuwa la watu waliolituma kupitia mdomo wangu, wakijua kwamba ni uongo.

Mdogo wangu sasa ni mwanamke mzee. Anaishi nami. Chumba chake nimekiondolea mlango, na mahali pake kuna pazia. Akili yake imetulia kwa kiasi, na siku nyingi tunazungumza vizuri. Lakini liko swali analonirudia, akiwa anaota jua uani au akiwa anapepeta maharage kwa mkono wa kushoto: "Kaka, kule nilikosa nini?" Humjibu kwamba hakukosa. Huniambia, bila uchungu, kwamba mimi nasema hivyo kwa sababu ni kaka yake. Wale waliomfunga walikuwa wasomi, na hao hawajasema hivyo.

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa njia nyingine zote nimekwisha kuzipita, nadai hadharani na rasmi yafuatayo. Wizara iliyorithi kazi za ofisi ile itamke kwa maandishi kwamba msichana yule alifungwa na kufungiwa pasipo sababu ya matibabu, kwamba jamaa zake walidanganywa kila Jumapili, na kwamba mkaguzi wa Serikali aliyashuhudia hayo akayanyamazia. Itafute pia vijana wengine waliopitia chumba kile, au jamaa zao, na kuwapa maelezo yale yale bila kungoja waombe. Mahali popote ambapo leo kijana mgonjwa anafungwa au kufungiwa, aliyetoa amri ajulikane kwa jina na cheo kwa mzazi wa kijana huyo, siku hiyo hiyo, na awajibike. Na wewe uliyekuwa mkuu wa kituo, ambaye ungali hai, nakutaka ufike nyumbani kwangu, mchana, usimame mbele ya mdogo wangu, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulijua, na kwamba yeye hakukosa kitu.